Riwaya Iliyokomea Kitale: Msomaji wa Lodwar na Kakuma Mbele ya Riwaya na Kitabu cha Sauti

Utangulizi

Yako madai yaliyorudiwa mara nyingi katika vitabu na magazeti ya Kiingereza kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua kwamba neno hilo halimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, wala halijulikani kwa maana hiyo Lamu, Unguja, Tanga wala Bukavu. Kakuma ni jina la mahali katika nchi ya Waturukana, nalo lilikuwapo kabla ya kambi ya wakimbizi kuanzishwa mwaka 1992. Kosa hilo laweza kuonekana dogo, lakini ndani yake mna kinaya kichungu. Kiswahili kimesingiziwa kwamba ndicho kilichopanyima mahali pale hadhi ya kuwa mahali, ilhali riwaya ya Kiswahili nayo imetenda kana kwamba madai hayo ni ya kweli.

Kiingereza, pamoja na kulikosea jina, kimeandika. The Constant Gardener ya John le Carré (2001) inampeleka msomaji hadi Lokichoggio na Ziwa Turkana. What Is the What ya Dave Eggers (2006) inasimulia maisha ya Valentino Achak Deng, kijana wa Sudan ambaye aliishi Kakuma miaka mingi. A Long Walk to Water ya Linda Sue Park (2010) inasomwa na watoto wa shule huko Marekani. Kwa upande wa Kiswahili, lugha inayosikika kila siku katika masoko ya Kakuma, riwaya yenye uzito kama huo ni vigumu kuitaja.

Makala haya yanakusudia kuzitazama riwaya chache za Kiswahili kwa jicho la mpenzi wa riwaya aliyeko Lodwar au Kakuma. Msomaji ambaye mtihani umekwisha lakini hamu ya kusoma haijaisha. Kadhalika yanajadili kitabu cha sauti, ambacho wengi wanakipigia debe kuwa dawa ya uhaba wa vitabu. Hoja inayotetewa ni kwamba mahali pa kusomea hubadilisha kinachosomwa, na kwamba riwaya inayodai kuwa ya Afrika Mashariki nzima haina budi kukubali kupimwa mahali kama hapo.

Kitale, mwisho wa njia

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, ingali miongoni mwa riwaya zinazopendwa mno nchini Kenya, na kifo cha mwandishi wake mnamo Aprili 2020 kiliwarudisha wengi kwenye kurasa zake. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anaondoka Tanga, anavuka mpaka na kusafiri hadi Kitale akimtafuta babake. Kwa msomaji wa pwani, Kitale ni mbali. Ni karibu mwisho wa dunia ya riwaya. Kwa msomaji wa Lodwar, Kitale ni mwanzo tu. Hapo ndipo magari ya kaskazini huanzia safari ya takriban kilomita 300, yakipita Kapenguria na kuteremka milima ya Pokot hadi kwenye joto na mikoma ya bonde la Turkwel. Kutoka Lodwar, kilomita zipatazo 120 zaidi humfikisha abiria Kakuma. Riwaya imemfikisha mhusika kituoni, ikamshusha. Safari iliyobaki haijaandikwa.

Jambo la pili ambalo msomaji wa Kakuma hawezi kukosa kuliona ni wepesi wa mwendo wa Kongowea. Kijana huyu ana dhiki nyingi, lakini anapoamua kwenda, huenda. Kwa miaka mingi mkimbizi wa Kakuma hakuruhusiwa kusafiri nje ya kambi bila kibali, na barabara ya kuelekea kusini ina vizuizi vya polisi. Msomaji wa Nairobi hupita sura za safari akitazama mandhari. Msomaji wa Kakuma huzipita akihesabu vizuizi. Hili si kosa la mwandishi. Hadithi ya mwana anayemtafuta baba yahitaji barabara iliyo wazi. Hata hivyo, linaonyesha kwamba hata riwaya ya shida huweza kusomwa mahali fulani kama riwaya ya uhuru.

Fauka ya hayo, liko jambo moja ambalo huenda Siku Njema inamnong'oneza msomaji wa Kakuma kwa sauti kubwa kuliko wengine. Kongowea anadharauliwa kwa nasaba yake, na umahiri wake wa Kiswahili ndio unaomrejeshea heshima. Lugha ndiyo nyumba yake kabla hajapata nyumba. Kijana aliyezaliwa kambini na wazazi wa Kivu au wa Burundi, ambaye Kiswahili chake hucheka na kuchekwa na kile cha mwalimu wake, anaijua nyumba hiyo na anazijua nyufa zake.

Machozi yasiyopata heri

Riwaya iliyokaribia zaidi maisha ya kambi ni Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2014), ambayo ilianza kutahiniwa katika shule za upili za Kenya mwaka 2018. Wanafunzi wa shule za kambini, ambao hufanya mtihani uleule wa taifa, waliisoma pamoja na wenzao wa Lodwar na wa nchi nzima. Ridhaa, daktari mwenye mali na heshima, anapoteza jamaa na jumba lake katika ghasia zinazofuata uchaguzi, naye anajikuta katika Msitu wa Mamba miongoni mwa wakimbizi wa ndani. Kurasa za maisha ya msituni ndizo zenye nguvu kuliko zote. Humo mwandishi anaonyesha, bila kupaza sauti, jinsi foleni ya chakula inavyofuta tofauti ya daktari na kibarua kwa siku chache, na jinsi aibu inavyodumu baada ya njaa kuondoka. Msomaji wa Kakuma hahitaji mwongozo wa kumfafanulia kurasa hizo.

Panapozuka mgogoro ni kwenye utatuzi. Umu, Dick na Mwaliko, ndugu watatu waliotenganishwa, hatimaye wanakutanishwa, na chozi linageuka kuwa la heri kama jina la kitabu linavyoahidi. Sadfa inafanya kazi nyingi mno hapo. Zaidi ya hayo, riwaya imejitwika mizigo mingi: ukeketaji, dawa za kulevya, ulanguzi wa watoto, ajira, uongozi wa wanawake. Kila mzigo ni wa haki, lakini mara nyingine wahusika husimama kuzungumza kana kwamba wamo jukwaani, na msomaji huhisi kwamba swali la mtihani limeandikwa kabla ya sura.

Je, msomaji wa Kakuma aukatae mwisho huo? Mahali ambapo watu hutafuta jamaa zao kwa miaka kupitia Msalaba Mwekundu, na ambapo majibu mengine hayaji kamwe, sadfa ya riwaya yaweza kuonekana kama dhihaka. Lakini yaweza pia kuonekana kama dua. Msomaji anayetumaini si lazima awe msomaji aliyedanganyika. Huenda anajua vizuri kuliko mhakiki kwamba jambo haliwezekani kwa urahisi, na bado akataka kuliona likitokea, walau katika ukurasa. Uamuzi wa haki, basi, ni kwamba Chozi la Heri ni riwaya kubwa katika nusu yake ya msituni na riwaya ya kawaida katika nusu yake ya mapatano. Tofauti yake kuu na maisha ya Kakuma ni kwamba Ridhaa na wenzake ni raia. Wana pa kurudi, hata kama pamekuwa majivu. Kambi iliyodumu kwa zaidi ya miaka 30 ina watu wazima waliozaliwa humo, ambao "kurudi" kwao ni neno la wazazi. Riwaya ya mtu huyo bado inasubiriwa.

Walibora mwenyewe alikuwa amelifikia suala la uhasama wa makabila mapema, katika Kufa Kuzikana (2003), miaka minne kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007 na umwagaji damu uliofuata. Riwaya hiyo, inayoujaribu urafiki wa vijana wawili kwa moto wa ukabila, haikupata umaarufu wa Siku Njema. Lakini kwa msomaji wa Kakuma, anayeishi jirani na mtu wa kabila ambalo nyumbani lilikuwa adui, swali la Kufa Kuzikana ni la kila asubuhi kwenye mfereji wa maji.

Msafara unaotazamwa na wenyeji

Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ilichapisha Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nishani ya Nobeli ya Fasihi. Ilikuwa fedheha kidogo kwamba mwana wa Zanzibar alingoja hadi apewe tuzo hiyo ndipo asomwe kwa Kiswahili. Lakini heri kuchelewa kuliko kukosa. Tafsiri yenyewe inasomeka kwa raha. Kiingereza cha Gurnah kilikuwa kimejaa maneno ya Kiswahili, na hapa yamerudi kwao. Hasara ni moja: yale maneno yaliyokuwa yakimkwaza msomaji wa Kiingereza na kumkumbusha kwamba yuko ugenini, sasa yamelainika, na ladha ile ya ugeni imepungua. Hasara hiyo haikwepeki, nayo ni ndogo ikilinganishwa na faida.

Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz, na baadaye anaingia bara pamoja na msafara. Msomaji wa pwani huusafiri msafara huo akiwa ndani yake. Msomaji wa Kakuma aliyetoka mashariki ya Kongo anausoma akiwa upande wa pili: yeye ni mjukuu wa wale waliouona msafara ukija. Watu wanaoitwa washenzi na wasafiri wana wajukuu, na wajukuu hao leo wanasoma Kiswahili, lugha waliyoachiwa na misafara ileile. Gurnah aliliona jambo hili. Dharau ya wasafiri katika riwaya yake haipiti bila kuhojiwa. Hata hivyo, Peponi inapata ukali mpya inaposhikwa na mikono ya Kakuma.

Lodwar nayo ina haki ya kuingia katika mjadala huo. Mwaka 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel ulifika kwenye ziwa ambalo Wazungu hao waliliita Rudolf, na ambalo leo ni Ziwa Turkana. Pamoja nao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani, na wapagazi waliozungumza Kiswahili. Kiswahili, basi, kilifika ufukweni mwa ziwa hilo zamani, kikiwa kimebeba mizigo ya wengine. Sura hiyo peke yake ni riwaya nzima. Pia kuna kufungwa kwa Jomo Kenyatta huko Lokitaung na kuhamishiwa kwake Lodwar mwaka 1959. Kuna mifupa ya kijana wa kale iliyofukuliwa Nariokotome mwaka 1984, ambayo dalili yake ya kwanza ilionwa na Kamoya Kimeu. Kuna mafuta yaliyotangazwa kupatikana mwaka 2012. Anayesema kwamba Turkana haina visa vya riwaya hajatafuta.

Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi (2013) inastahili kutajwa walau kwa ufupi. Kijana anaiacha Zanzibar akiota Ulaya, anapitia Uganda na Sudan, na njaa na polisi wa mipakani vinakuwa walimu wake. Ucheshi wa Shafi unaifanya dhiki isomeke bila kuipunguza. Kakuma, ambako wengi waliifuata njia ya Sudan kwa mwelekeo wa kinyume, kitabu hiki kingepata wasomaji wake wa kweli, lau kingefika.

Kitabu kinachosikilizwa

Neno "lau" ndilo linaloleta suala la sauti. Vitabu ni ghali, maduka ya vitabu yako mbali, na kinachofika kaskazini kwa wingi ni vitabu teule vya mtihani pamoja na miongozo yake. Simu, kinyume chake, imefika. Hapana shaka kwamba kitabu cha sauti, kinachoweza kuhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine kwa memori kadi, na kusikilizwa na watu watano chini ya mti mmoja, kinafaa mazingira haya.

Wapo wanaokiona kitabu cha sauti kuwa uvivu uliovikwa nguo mpya. Hao wanasahau historia ya fasihi wanayoifundisha. Utenzi wa pwani uliandikwa ili usomwe kwa mahadhi mbele ya watu. Waliousikia walikuwa wengi kuliko walioushika. Baadaye redio ilichukua nafasi hiyo: Ushikwapo Shikamana nchini Kenya mwaka 1987, Twende na Wakati ya Radio Tanzania kuanzia 1993, na Noa Bongo ya Deutsche Welle kuanzia 2008. Waturukana nao wamehifadhi kwa sauti, kizazi baada ya kizazi, hadithi ya Nayeche, bibi kizee aliyefuata nyayo za fahali kutoka nchi ya Wajie, naye akawafungulia watu njia ya kushukia nchi tambarare. Jamii iliyolitunza simulizi la namna hiyo haihitaji kufundishwa kusikiliza.

Tatizo si sauti. Tatizo ni kinachotiwa ndani yake. Vilivyojaa katika simu za wanafunzi ni chambuzi zilizorekodiwa: dhamira tano, wahusika sita, mbinu saba, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mwanafunzi husikiliza uchambuzi wa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi mara tatu bila kuusikia moto wa Matango hata mara moja. Huo si ukoo wa utenzi wala wa redio. Ni ukoo wa mwongozo, uliopata kinywa. Simulizi za sauti zinazosambazwa kutoka Tanzania zina uhai zaidi. Wasomaji wake wanajua kunyamaza panapostahili na kumwacha msikilizaji akingoja. Lakini nyingi ni visa vya mapenzi na uchawi vilivyotungwa haraka, na waandishi wakubwa wa lugha hii hawamo.

Si kila riwaya inafaa sikio kwa kiasi kilekile. Siku Njema, yenye msimulizi wa nafsi ya kwanza, karibu yajisoma yenyewe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), kwa sentensi zake fupi na mazungumzo yake makavu, ingemshika msikilizaji tangu mwanzo. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), safari ya dhihaka kupitia kijiji cha utandawazi, ingepata faida kwa msomaji mwenye kipaji cha kubadili sauti. Wengi wangedhani kwamba Nagona (1990), ambayo Kezilahabi aliiandika kwa mafumbo, haiwezi kusikilizwa. Huenda wamekosea. Anayeisoma kwa macho hutaka kuelewa kila sentensi kabla ya kuendelea, akachoka. Anayeisikiliza, hasa aliyezoea masimulizi ambamo wanyama na wafu husema, aweza kuipokea kama ndoto inavyopokewa, na maana ikamjia baadaye. Kwa upande mwingine, Chozi la Heri, yenye wahusika wengi na koo zinazopishana, ingempoteza msikilizaji asiyeweza kurudi ukurasa wa nyuma.

Liko pia suala la lafudhi. Ni nani atakayesoma? Ikiwa kila kitabu kitasomwa kwa sauti ya mtangazaji wa Nairobi au Dar es Salaam, msikilizaji wa Kakuma atajifunza tena kwamba fasihi ni ya watu wengine. Riwaya ambayo msimulizi wake ni mtu wa Kongo isomwe na mtu wa Kongo. Hili halivunji usanifu. Matini ni ileile, bali mlango unapanuliwa. Na haki ya mwandishi isipuuzwe kwa kisingizio cha umaskini wa msomaji. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, nao unawafungulia njia wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi. Kwa wasikilizaji wengine wote, ruhusa ya mwandishi na mchapishaji ni ya lazima. Mwandishi anayeibiwa leo hataandika kesho, na riwaya ya Kakuma itazidi kukawia.

Hitimisho

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, hotuba nyingi zimetolewa kuhusu Kiswahili kuwa lugha ya Afrika. Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Hapo Kiswahili hakihubiriwi. Kinatumika kuuziana unga, kuposana, kugombana na kusuluhishana. Mzaha mchungu ni kwamba mahali ambapo ndoto ya hotuba hizo imekwisha kutimia, kitabu chake hakipo.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kutenda jambo bila kungoja serikali. Kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana mjini Lodwar, kilichoanzishwa mwaka 2017. Kuna walimu kambini na redio za jamii. Kwa ruhusa ya mwenye haki, riwaya moja yaweza kusomwa yote, bila kufupishwa, ikarekodiwa kwa sauti za wenyeji na wakimbizi, kisha ikajadiliwa sura kwa sura hewani. Mwaka unaofuata, riwaya ya pili. Na katika mjadala huo, mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza atachoka kusikia habari za Tanga na Kitale, atachukua daftari na kuanza kuandika njia iliyobaki.

Siku hiyo wahadhiri watakuwa na kazi ngumu. Atakuwa ameandika Kiswahili chenye chembe za Kivu, za Juba na za Kiturukana, na watataka kumsahihisha. Wamsahihishe penye kosa. Lakini wasimrudishe Kitale.